Yeremia Alinunua Shamba: Tumaini la Mkristo Mbele ya Kushindwa

Yapo maswali ambayo waamini huyauliza kwa sauti ya chini, mara nyingi nje ya mlango wa kanisa baada ya Misa, au kando ya kitanda cha mgonjwa wakati wengine wametoka kidogo. Mama ambaye mwanawe amerudia dawa za kulevya kwa mara ya nne anauliza kama kuna maana ya kuendelea na novena. Mgonjwa aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba saratani imesambaa anauliza kama kuandika wosia ni kukosa imani. Mzee aliyeshindwa kesi ya shamba la baba yake anauliza kama Mungu naye yuko upande wa wenye fedha. Chini ya maswali hayo yote liko swali moja: je, kumtumaini Mungu maana yake ni kuamini kwamba nitashinda? Na ikiwa kila dalili inaonesha kwamba nitashindwa, tumaini langu limebaki kuwa nini?

Siku hizi jibu la haraka halikosekani. Linasikika redioni, kwenye vipaza sauti vya mikutano ya hadhara na ndani ya simu zetu: kiri ushindi, kataa kushindwa, na muujiza wako utakuja kabla mwezi haujaisha. Jibu hilo lina mvuto, hasa kwa mtu aliyechoka. Lakini wapo waliolisadiki hata wakaacha dawa, na muujiza usipokuja wakaambiwa kwamba imani yao ilikuwa haba. Mtu aliyekwenda na mzigo mmoja akarudi nyumbani na miwili.

Maandiko Matakatifu yanamfahamu mhubiri wa namna hiyo. Jina lake ni Hanania mwana wa Azuri, nabii kutoka Gibeoni (Yer 28). Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadneza mfalme wa Babeli alikuwa amemchukua mateka mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na vyombo vya hekalu. Yerusalemu ilibaki na mfalme dhaifu, Sedekia, na hofu kubwa. Ndipo Hanania aliposimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo vitarudi, mateka watarudi, na nira ya Babeli itavunjika. Kisha akaitwaa nira ya mti ambayo Yeremia alikuwa ameivaa shingoni kama ishara, akaivunja mbele ya wote. Tunaweza kukisia furaha iliyokuwamo hekaluni siku ile.

Inafaa kutazama kwa makini jinsi Yeremia alivyoyapokea maneno hayo. Aliitikia Amina, akatamani Mungu afanye hivyo. Yeye naye aliupenda mji wake. Yeye naye angefurahi kuona mateka wanarudi. Lakini alijua kwamba kutaka jambo liwe si sawa na Mungu kuliahidi. Miaka miwili ikapita, vyombo havikurudi. Hanania mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, mwaka uleule aliotabiri, katika mwezi wa saba.

Kwa wale waliokuwa uhamishoni Babeli, Yeremia aliandika barua ya namna nyingine kabisa (Yer 29). Aliwataka wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee amani mji uleule uliowateka, kwa kuwa kurudi kwao kungengoja miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua hiyo ikisomwa alielewa mara moja: mimi sitarudi, labda mjukuu wangu. Hata hivyo, ni barua hiyohiyo inayobeba mojawapo ya ahadi zinazopendwa sana na Wakristo, ile ya mawazo ya amani ambayo Mungu anawawazia watu wake (Yer 29:11). Tunaichapa kwenye kanga na kwenye kalenda za parokia, na mara nyingi tunaisahau aya iliyo juu yake, inayotaja ile miaka 70.

Tufike sasa kwenye sura ya 32, ambayo tunapenda kukaa nayo zaidi. Ni mwaka wa kumi wa utawala wa Sedekia. Majeshi ya Babeli yameuzunguka mji. Ndani kuna njaa na tauni. Yeremia yumo kifungoni katika uwanda wa walinzi, kwenye nyumba ya mfalme, kwa kosa la kusema kwamba mji utatekwa. Hapo kifungoni anatembelewa na Hanameli, mtoto wa baba yake mdogo, akiwa na shauri la ajabu: anauza shamba lake lililoko Anathothi, na kwa desturi ya ukoo Yeremia ndiye mwenye haki ya kulikomboa.

Anathothi kilikuwa kijiji cha makuhani, mwendo wa kilometa tano hivi kutoka Yerusalemu. Ndicho kijiji alikozaliwa Yeremia, na ndiko walikokuwa watu waliowahi kula njama ya kumwua (Yer 11:21). Wakati ule nchi iliyokuwa nje ya kuta ilikuwa ikikanyagwa na askari wa adui. Mtu yeyote mwenye akili ya biashara angemnong’oneza Yeremia kwamba ndugu yake anatafuta fedha ya mkate kabla mji haujaanguka, na kwamba shamba lisiloweza hata kukanyagwa na mwenyewe halina bei.

Yeremia alinunua. Alitoa shekeli 17 za fedha, uzito usiofika gramu 200. Mwandishi wa kitabu hiki, ambaye mara nyingi huyapita mambo makubwa ya vita kwa maneno machache, anatulia hapa kama karani wa ardhi. Anataja fedha iliyopimwa katika mizani. Anataja hati mbili, moja iliyofungwa kwa muhuri na nyingine iliyoachwa wazi. Anataja mashahidi waliotia sahihi zao, na watu wote walioketi uwandani wakitazama. Kisha Baruku mwana wa Neria anaagizwa kuziweka hati zile katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi, kwa sababu Mungu amesema kwamba katika nchi hiyo watu watanunua tena nyumba, mashamba na mizabibu.

Kinachofuata ndicho kinachotufariji kuliko yote. Baada ya kukabidhi hati, nabii alisali, na sala yake si ya mtu aliyetulia. Alianza kwa kukiri uweza wa Mungu aliyeziumba mbingu na nchi, akasimulia jinsi alivyowatoa watu wake Misri, kisha akafika kwenye donge lililokuwa kooni: tazama boma za adui zimeufikia mji, mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe, Bwana, umeniambia ninunue shamba! (taz. Yer 32:24-25). Alitenda kwanza, akauliza baadaye. Tena aliuliza kwa uwazi kabisa, na Mungu hakumkemea. Alimjibu kwa kumkumbusha kwamba hakuna neno lililo gumu kwake, na katika jibu hilohilo alithibitisha kwamba mji utateketezwa. Maangamizi na ahadi vilitoka katika kinywa kimoja.

Na mji uliteketezwa kweli, mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo. Hekalu likachomwa moto. Sedekia alilazimishwa kutazama wanawe wakiuawa, kisha akatobolewa macho. Yeremia naye baadaye alichukuliwa na wakimbizi hadi Misri, kinyume cha neno lake mwenyewe (Yer 43), na Maandiko hayasemi popote kwamba aliwahi kulilima shamba lile. Kwa hesabu za kawaida shekeli 17 zilipotea. Lakini ukifungua kitabu cha Ezra, katika ile orodha ndefu ya waliorudi kutoka Babeli ambayo wengi wetu huiruka kwa kuwa ni majina na tarakimu tupu, utakuta kwamba miongoni mwao walikuwamo watu wa Anathothi, 128 (Ezr 2:23).

Tumeisimulia habari hiyo kwa kirefu kwa sababu inatenganisha mambo mawili ambayo lugha yetu nayo inayatenganisha, ingawa sisi huyachanganya: matarajio na tumaini. Matarajio hutokana na dalili. Mawingu yakiwa meusi tunatarajia mvua. Vipimo vikiwa vizuri tunatarajia kupona. Dalili zikibadilika matarajio nayo hubadilika, na hakuna kosa katika hilo. Tumaini la Kikristo halitokani na dalili bali na Yule aliyeahidi. Ndiyo maana Yeremia aliweza kuwa mtu asiye na matarajio yoyote kuhusu vita vile, na wakati huohuo awe mtu mwenye tumaini kuliko wote waliokuwamo mjini. Hanania alikuwa na matarajio makubwa, akayabatiza jina la Mungu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaliweka tumaini kati ya fadhila tatu za Kimungu, pamoja na imani na mapendo. Kwa fadhila hiyo tunautamani Ufalme wa mbinguni na uzima wa milele, tukizitegemea ahadi za Kristo na msaada wa Roho Mtakatifu, wala si nguvu zetu wenyewe (KKK 1817). Mtakatifu Thoma wa Akwino alifafanua kwamba linalotumainiwa ni jambo jema, lijalo, gumu, tena linalowezekana kupatikana. Tungependa msomaji asilipite upesi neno “gumu”. Jambo jepesi halihitaji tumaini. Linahitaji saa tu. Kwa hiyo mtu anayesema, “Ningekuwa na tumaini kama hali isingekuwa ngumu hivi,” ameligeuza jambo juu chini.

Kanisa linafundisha pia kwamba kuna njia mbili za kuikosea fadhila hii (KKK 2091-2092). Moja ni kukata tamaa: kuacha kuutazamia wokovu, msaada na msamaha wa Mungu. Nyingine ni kujitumaini kupita kiasi: kudhani kwamba nguvu zetu zatosha, au kwamba Mungu atatupa utukufu bila wongofu. Ile ya kwanza tunaitambua haraka, kwa kuwa ina uso wa huzuni. Ya pili huvaa uso wa imani. Mazoea ya kumpangia Mungu tarehe na kuiita tarehe hiyo unabii yana undugu wa karibu nayo, na tunaona kwamba katika mazingira yetu yanaleta madhara mengi, maana yule aliyeahidiwa muujiza wa Ijumaa ndiye anayekata tamaa Jumamosi.

Yote haya yangebaki nusu kama tungeishia kwa Yeremia. Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe, katika bustani ya Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee. Aliomba kweli, kwa jasho na uchungu, wala hakuwa akiigiza ili kutufundisha. Kikombe hakikuondolewa. Waraka kwa Waebrania, ukiikumbuka sala hiyo, unasema kwamba alisikilizwa (Ebr 5:7). Alisikilizwaje, naye alikufa kesho yake mchana? Alisikilizwa kwa kufufuliwa. Baba hakumpitisha kando ya mauti. Alimpitisha katikati yake. Hapo ndipo tumaini la Mkristo linapopata umbo lake, na ndipo linapoachana na kila mafundisho yanayomwahidi mtu Pasaka isiyo na Ijumaa Kuu.

Kati ya siku hizo mbili ipo Jumamosi Takatifu, siku ambayo altare iko wazi na tabernakulo tupu. Wafuasi wawili wa Emau waliitembea siku hiyo moyoni hata baada ya jua la Jumapili kuchomoza: walimweleza mgeni wa njiani kwamba walikuwa wametumaini, wakilitumia tumaini kwa wakati uliopita (Lk 24:21). Waamini wengi wanaishi katika Jumamosi hiyo kwa miezi, wengine kwa miaka. Kanisa haliwalazimishi waimbe Aleluya kabla ya wakati. Katika Sala ya Mwisho ya kila Ijumaa linawaweka kinywani Zaburi ya 88, zaburi ambayo inamalizika gizani bila neno hata moja la kufariji. Anayeisali, hata akiisali akilia, bado anazungumza na Mungu, na mtu anayezungumza na Mungu hajakata tamaa.

Historia ya Kanisa katika nchi yetu ina shamba lake la Anathothi. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, biashara ya watumwa ilikuwa bado halali katika milki ya Sultani wa Zanzibar; soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Misafara ilishuka pwani ikiwa na watu waliofungwa minyororo, nao wamisionari waliwakomboa baadhi yao, wachache mno wakilinganishwa na waliopakiwa majahazini. Wengi wa wamisionari hao walifariki vijana kwa homa, na makaburi yao yako palepale misheni. Mtu wa hesabu angeweza kusema kwamba walikuwa wakichota bahari kwa kijiko. Wao walijenga nyumba, wakafungua shule, wakapanda minazi na miembe. Anayepanda mnazi hungoja miaka kabla ya kuangua dafu, na kwa wale waliokuwa wakizikana kila mara, haikuwa wazi nani angelinywa.

Turudi sasa kwa wale waliotuuliza. Yule mgonjwa anayehofu kwamba kuandika wosia ni kukosa imani, tunamwambia kwamba Yeremia naye aliandika hati, akaweka mashahidi, akaagiza itunzwe. Kuweka mambo ya watoto katika utaratibu, kulipa deni, kupatana na ndugu mliyeachana naye, si kusalimu amri. Ni kutenda kama mtu anayejua kwamba maisha ya wengine yanaendelea na kwamba yake hayaishii kaburini. Aendelee pia na tiba inayomsaidia. Na endapo tiba imekuwa mzigo mzito usiolingana na manufaa yake, Kanisa linamruhusu kuiacha bila hatia (KKK 2278), huku akiendelea kupewa huduma ya kawaida na kutulizwa maumivu.

Hapa tuseme neno kuhusu Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Bado yapo majumba ambamo padre anaitwa mgonjwa akiwa hawezi tena kusikia, kwa kuogopa kwamba kumwita mapema ni kumwita mauti. Sakramenti hiyo ni ya kila mwamini ambaye ameanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na anaweza kuipokea tena hali yake ikizidi. Inampa nguvu, amani na moyo wa kuvumilia, inamuunganisha na mateso ya Kristo, na humrudishia afya ikiwa inafaa kwa wokovu wake (KKK 1520-1532). Inasikitisha kumnyima mtu msaada huo katika wiki ambazo anauhitaji zaidi, eti ili asitishike.

Yule mama hatuwezi kumwahidi kwamba mwanawe ataacha dawa. Asimwamini yeyote anayemwahidi hilo kwa tarehe. Tunaloweza kumwambia ni kwamba tumaini lake lina kazi ya kufanya leo: kutofunga mlango, kutotoa fedha itakayonunua sumu, kumpeleka kwenye huduma ya tiba kila anapokubali, kusali. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na kutapatapa ni kukimbilia kila mganga na kila mkutano kwa hofu. Anayetumaini hutenda lililo mbele yake kwa utulivu, hata mkono ukitetemeka. Na yule mzee, kama bado ipo njia ya rufaa, aikate. Haki si kitu cha kuachwa kwa kisingizio cha uvumilivu. Lakini kesi ikifungwa kabisa, asikubali kufungwa nayo. Shamba linaweza kuchukuliwa na mahakama. Moyo wa kusamehe na hadhi ya mwana wa Mungu havimo katika hukumu ile.

Yapo pia majira ambayo mtu hana hata nguvu ya kutumaini. Tukumbuke basi kwamba chombo cha udongo hakikutunzwa na Yeremia mfungwa, alikabidhiwa Baruku. Jumuiya ndogondogo za Kikristo zina wito huo: kumtunzia ndugu tumaini lake wakati mikono yake imelegea. Anayeshindwa kusali asaliwe; anayeshindwa kufika kanisani apelekewe Komunyo Takatifu nyumbani, na anayemletea aketi naye kidogo.

Namna ya kwenda kwa mtu kama huyo tunaweza kujifunza kwa Ebedmeleki, Mkushi aliyehudumu katika nyumba ya mfalme Sedekia (Yer 38:7-13). Wakati wa mazingiwa yaleyale, wakuu walimtumbukiza Yeremia katika shimo lenye matope, azame humo. Ebedmeleki, mgeni kutoka Afrika, ndiye aliyemwendea mfalme kumtetea. Kisha, kabla ya kwenda shimoni, alipitia kwanza chini ya ghala, akachukua matambaa na nguo kuukuu, akazishusha pamoja na kamba na kumwagiza nabii aziweke kwapani, ili kamba zisimkate wakati wa kumvuta. Adui alikuwa bado yuko nje ya kuta, na Yeremia alitolewa shimoni akarudishwa kifungoni kwenye uwanda wa walinzi.